Nyuma ya Duka la Matairi

Duncan aliisoma hotuba akiwa amesimama, kikombe cha chai mkononi, na alipofika mwisho akairudisha juu ya meza ya Shekinah.

"Iko sawa," alisema. "Ni kama dawa ya kikohozi. Kila mtu atakubali inasaidia, na hakuna atakayeomba kijiko cha pili."

"Ina makosa?"

"Haina. Hiyo ndiyo shida yake. Hiyo kamati imesikia neno faragha mpaka inasinzia. Wanataka mtu, Shekinah. Mtu mwenye watoto, anayepanda basi."

Walifanya kazi meza jirani katika shirika dogo la mtaa wa wahamiaji wa Cedar-Riverside, chini ya maghorofa marefu, mahali ambapo watu walikuja na simu zao na nyuso za kuchoka ili wasaidiwe mambo ya mtandaoni: kadi ya chakula, bima ya afya, kusajili watoto shuleni. Duncan alikuwa Mkenya aliyekuja kusomea kompyuta akabaki. Shekinah Birindwa alikuja na wazazi wake kutoka kambi ya wakimbizi, akiwa mtoto, na alikuwa amemaliza chuo kikuu majira ya kuchipua yaliyopita. Aliamini kwamba watu wanaotunga sheria si wabaya, ila hawajasimuliwa. Akipatikana mtu wa kuwasimulia vizuri, watarekebisha.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Mwaka ule wa 2017 jimbo lilikuwa likijaribu mpango mpya katika kaunti chache. Badala ya kuwa na neno la siri la kila ofisi, mtu angekuwa na kitambulisho kimoja cha mtandaoni, chenye dhamana ya serikali, cha kufungulia kila mlango. Kampuni moja ilipewa kazi ya kuhakikisha kwamba wewe ndiye wewe. Ilikuuliza maswali yaliyotolewa kwenye kumbukumbu zako za zamani: umezaliwa lini, katika mitaa hii minne uliishi upi, gari lako la kwanza lilikuwa la aina gani, nani mliwahi kuishi naye nyumba moja. Ukijibu sawasawa, unaingia. Jumanne kamati ingekaa Saint Paul, makao makuu ya jimbo, kusikiliza wananchi kabla ya kuamua kama mpango uenee jimbo zima.

Duncan hakuwa mpinzani mkubwa. "Mimi nina password kumi na mbili," alisema. "Ya ku-renew leseni sijawahi kuikumbuka hata siku moja. Wakinipa moja, nitaimba. Shida ni hayo maswali. Tarehe ya kuzaliwa, kwa mfano. Nyinyi Wakongomani wote mmezaliwa tarehe mosi Januari, kama vifaranga vya mashine."

"Tuliandikiwa kambini. Nani alikuwa na cheti?"

"Najua. Ndiyo nasema, swali lenyewe halina maana. Sasa watafutie mtu. Si lazima umtaje. Sema 'mama mmoja'. Lakini awe mtu."

Mtu huyo alikuwa amekwisha kumjia Shekinah akilini.

Jumamosi iliyokuwa imepita, wanawake wa kikundi cha maombi walikutana kwa mama yake, Mama Rahab, kama walivyokutana kila wiki, katika sebule ambayo makochi yalisogezwa ukutani ili wapate nafasi ya kupiga magoti. Shekinah alikuwa akipitisha chai. Kila mmoja alitoa hitaji lake: mtoto asiyetaka shule, mguu uliovimba, kesi ya ndugu aliyebaki kambini Nyarugusu. Ikaja zamu ya Bernardine, ambaye Shekinah alimwita Tantine, yaani shangazi, tangu utotoni kambini, mwanamke mrefu wa maneno machache aliyekunja shuka katika nyumba ya kutunza wazee na kuimba sauti ya tatu kwenye kwaya.

Wote walijua kwamba alimwacha mumewe, Ildephonse, huko Des Moines, jimbo jirani, baada ya mtu huyo kumvunja mkono, na baadaye kumfungia nje kwenye theluji pamoja na mapacha wao wakiwa na soksi tu miguuni. Walijua alihamia Eagan bila kumwambia. Walichokuwa hawajui ni kwamba Ildephonse alimpata, na namna alivyompata.

"Alijibu maswali," Bernardine alisema akitazama zulia. "Alikaa kule kwake na simu yake, akasema yeye ni mimi. Wakamuuliza tarehe ya kuzaliwa. Wakamuuliza mitaa. Wakamuuliza gari. Vyote anavijua, gari tulinunua pamoja. Wakamfungulia, na pale juu kabisa pameandikwa ninapoishi. Nikatoka kazini, nikamkuta amesimama kando ya gari langu na mfuko wa machungwa, anacheka, kama mtu aliyekuja kuona mgonjwa."

Siku hiyo hakumgusa, kwa sababu kulikuwa na watu. Bernardine alihama tena wiki ile ile. Akaunti ilifungwa, mahakama ikampa amri ya kumzuia mumewe asimkaribie. Sasa alikuwa mji wa St. Louis Park, alisema, kwenye nyumba za kupanga nyuma ya duka la matairi, na mapazia hafungui, na anaomba jambo moja tu: asijulikane alipo mpaka watoto wamalize shule. Wanawake wakaweka mikono juu yake, wakaomba kwa sauti, wote kwa pamoja, na Shekinah aliyekuwa bado ameshika sinia alilia kuliko wote.

Kanisani kwao, mtu akikutana na wema wa Mungu, husimama Jumapili akatoa ushuhuda. Shekinah alikulia humo. Tangu akiwa na miaka kumi na miwili Mchungaji Twagirayezu alikuwa akimsimamisha atafsiri shuhuda za wazee kwa vijana waliosikia Kiswahili lakini hawakukiweza, na watu walisema yule mtoto wa Rahab ana kipawa. Mzee akisema maneno matatu, yeye anayatoa yakiwa na machozi ndani yake. Alijua ushuhuda unavyoweza kugeuza ukumbi mzima. Hakuona kwa nini usigeuze kamati.

Jumatatu alimpigia Bernardine simu. Iliita mpaka ikajibiwa na ile sauti ya mashine inayokuomba uache ujumbe, na Shekinah akakata kabla ya mlio. Alichosikia kifuani kilikuwa nafuu. Alilitambua jambo hilo na hakutaka kulitazama. Alijiambia Tantine yuko zamu, na kwamba jina halitatajwa, na kwamba kama mtu yeyote angefaidika na kubadilishwa kwa maswali yale, ni Tantine mwenyewe. Hakupiga tena.

Ukumbi wa Saint Paul ulikuwa na joto kupita kiasi, makoti ya baridi yamerundikwa kwenye viti vya nyuma. Watu walizungumza kwa zamu. Mzee mmoja wa shambani alisema serikali isiyoweza kusafisha barabara yake isipewe funguo za maisha yake, na watu wakacheka. Maureen, muuguzi Mkenya aliyekaa safu ya mbele na sare yake ya kazi, alisema yeye anaunga mkono mpango: wagonjwa wake wanakosa dawa kwa sababu wamesahau neno la siri, na mtu mgonjwa hana nafasi ya kuogopa mambo ya faragha. Alisema vizuri. Mtu wa kampuni, aliyevaa tai ya bluu, akaeleza kwamba maswali ni salama kwa sababu majibu yake anayajua mwenyewe tu.

Ndipo jina la Shekinah likaitwa.

Alianza na hotuba yake. Kwenye aya ya pili akaona mjumbe mmoja akichezea simu chini ya meza, na mwingine akipiga miayo bila kujificha. Akaigeuza karatasi.

"Kuna mama mmoja," alisema kwa Kiingereza, kwa sauti ile ile aliyoitumia Jumapili.

Simu ikawekwa chini. Shekinah aliona hivyo, na jambo lile likampa nguvu. Alieleza mkono uliovunjika, na soksi kwenye theluji. Alieleza Eagan, na mfuko wa machungwa. "Mume wake hakuiba kitu," alisema. "Alijibu tu. Mnatuambia majibu anayajua mwenyewe peke yake. Majibu yale anayajua pia mtu aliyelala kitanda kimoja naye." Ukumbi ulikuwa kimya. Alihisi kimya hicho kama mtu anavyohisi jua mgongoni, akataka kiendelee. Basi akasema mama huyo anakunja shuka za wazee mchana kutwa. Akasema mapacha wake wana miaka tisa na hawaruhusiwi kufungua pazia. Akasema, kwa sababu sentensi ilidai mahali pa kutua, kwamba leo hii, tunapozungumza, amejificha St. Louis Park, nyuma ya duka la matairi, akisikiliza kila gari linaloingia.

"Kampuni haihitaji hata jina lako," alimalizia. "Ikijua mambo manne au matano madogo, imekwisha kukujua."

Mwenyekiti alivua miwani akaifuta. Watu walipiga makofi ingawa walikuwa wameombwa wasipige. Kamati ilisema mpango hautaenea mpaka maswali yale yaangaliwe upya, na mtu wa tai ya bluu akaandika kitu bila kuinua kichwa. Nje, kwenye ngazi, Duncan alimpiga bega.

"Umewamaliza," alisema. "Hata mimi nimebadilisha msimamo, na nilikuwa nimekuja kwa ajili ya keki tu."

Shekinah alicheka. Walikula chakula cha Kihabeshi pale Cedar kwa furaha, na alipolala alikuwa bado akiyasikia makofi.

Video iliwekwa kwenye tovuti ya jimbo kesho yake, kama mikutano yote. Mtu fulani akakata kipande cha Shekinah, akakitia kwenye WhatsApp: binti yetu Mkongomani akizungumza mbele ya wakubwa. Alhamisi asubuhi simu yake ilikuwa imejaa alama za mikono iliyokunjwa na mioyo, kutoka kwa watu wa Dallas, wa Portland, wa Des Moines. Alisoma Des Moines na hakushtuka. Alikuja kushtuka mama yake alipopiga.

"Uko wapi?"

"Kazini, mama. Umeona ile video?"

"Toka kwanza hapo penye watu."

Shekinah alitoka akasimama kwenye korido, karibu na lifti. 

"Ildephonse amemtafuta mchungaji," mama yake alisema. "Amepiga asubuhi. Kwa heshima tu. Anasema, mchungaji, amani ya Bwana, nisaidie jina la hilo duka la matairi."

Lifti ilifunguka, watu wakatoka, ikafunga.

"Sikusema jina lake," Shekinah alisema.

"Mapacha. Shuka za wazee. St. Louis Park. Duka la matairi. Mtoto wangu, ulibakiza nini?"

"Nilikuwa nataka wamsaidie."

"Mimi ndiye niliyemleta hapa nyumbani," mama yake alisema, sauti imeshuka. "Alikuwa hataki kusema. Mimi nilimwambia, sema, hapa ni kwetu."

Mama hakumfokea. Shekinah alisimama na simu sikioni muda mrefu baada ya mama kukata. Uso wake ulikuwa ukiwaka, na aliona aibu hata mbele ya mlinzi wa mlango, ambaye hakujua lolote na alimpungia mkono kama kila siku.

Jambo la kwanza alilofanya ni kupigia ofisi iliyoweka video. Aliyepokea alikuwa mwanamke mpole, mwenye sauti ya mtu anayetamani kusaidia. Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kumbukumbu za mikutano ni mali ya umma na yeye hana mamlaka ya kuondoa maneno ya mwananchi. Angepeleka ombi kwa wakubwa, na kwa kawaida jibu huchukua wiki kadhaa. "Nadhani ni shirika lenu," aliongeza bila ubaya wowote, "lililoandika barua mwaka jana kudai kila kitu kiwekwe hadharani."

Ni kweli. Barua ile Shekinah aliisahihisha mwenyewe akiwa mwanafunzi wa mazoezi.

"Hata wakiitoa," Duncan alisema, "kipande kiko kwenye simu za watu. Hicho hakitoki." Hakutania safari hii. Alikuwa amekaa kwenye kona ya meza yake, akizungusha kalamu. "Ni mimi nilikwambia utafute mtu."

"Uliniambia nitafute. Hukuniambia niseme anakaa wapi."

"Hapana. Lakini nilikuwa pale, na nilipiga makofi. Sikulisikia hilo duka kabisa. Nilisikia tu kwamba ilikuwa tamu." Akaweka kalamu chini. "Nikupeleke kwake?"

"Nitapanda basi."

Aliona hastahili kupelekwa. Njia nzima alijipangia maneno, na kila alipopata sentensi nzuri aliitupa, kwa sababu ilikuwa nzuri.

Duka la matairi lilionekana kutoka kituoni, na bango lake kubwa la manjano. Lilikuwa moja tu mtaa mzima. Mtu yeyote angelipata bila kuuliza. Nyuma yake palikuwa na majengo matatu ya matofali, na katika la mwisho, dirisha la chini lilikuwa na mapazia yaliyofungwa mchana mweupe. Alipogonga, kitu kilisogezwa kwanza kutoka mlangoni, kizito, kabati au kochi, na sauti ya mtoto ikauliza kwa Kiingereza ni nani.

"Ni Shekinah. Wa Mama Rahab."

Bernardine mwenyewe alifungua. Nyuma yake sebule ilikuwa na mifuko mitupu ya plastiki nyeusi na mingine iliyojaa. Mapacha, Bonheur na Jotham, walikuwa wamekaa juu ya godoro lililokunjwa, wamekwisha kuvaa makoti na viatu vya theluji.

"Ingia, ufunge," Bernardine alisema.

Shekinah aliingia, akafunga. Alitaka kupiga magoti kama alivyoona watu wakipiga, lakini watoto walikuwa wakimtazama, na akajua kwamba hata hilo lingekuwa kumwomba Tantine afanye kazi ya kumwinua.

"Tantine, nimekukosea."

"Ndiyo." Bernardine aliendelea kukunja. Alikuwa akikunja shuka za watoto jinsi alivyokunja kazini, pembe kwa pembe, kwa haraka, bila kuangalia. "Shika upande huo."

Shekinah alishika. Wakakunja ile, wakachukua nyingine.

"Nimeitazama yote," Bernardine alisema. "Si kile kipande tu. Bonheur alinitafutia yote. Ulisema vizuri sana. Pale kwenye kitanda kimoja, hata mimi nilisema, ndiyo, ni hivyo hivyo. Kichwani mimi sijapata kulipanga hivyo."

"Usinisifu, Tantine."

"Sikusifu. Nakueleza kinachoniuma." Aliweka shuka ndani ya mfuko. "Namba yangu unayo."

"Nilipiga."

"Nimeona. Mara moja. Watu wa bima wananipigia mara saba kwa siku kuniuzia vitu nisivyotaka. Wewe, kitu chenyewe ni changu, unapiga mara moja?"

Shekinah alitazama mikono yake. Angeweza kusema alidhani yuko zamu. "Niliogopa utakataa," alisema.

Bernardine aliacha kukunja kwa mara ya kwanza. Alimtazama kwa muda, na hasira haikuwamo usoni mwake, ilikuwa kama vile anamsoma upya mtu aliyedhani anamjua.

"Labda ningekubali," alisema. "Hilo hukuliwaza? Ungeniambia, Tantine, kuna watu kule wanataka kusikia. Labda ningeomba ruhusa kazini, nikaja mwenyewe. Ningesema mkono. Ningesema machungwa. Hili la duka nisingesema, kwa sababu mimi ndiye ninayelala hapa. Kwa Kiingereza ungetafsiri wewe, kama unavyotafsiri Jumapili. Lakini kwenye kutafsiri unangoja mtu aseme kwanza."

"Ndiyo, Tantine."

"Pale kwa mama yako nilitoa hitaji. Wewe umelibeba ukalitoa kama ushuhuda. Ushuhuda unatolewa na mtu aliyekwisha kuvuka, tena anautoa yeye. Mimi nilikuwa bado katikati ya maji."

Jotham aliuliza kitu kwa Kiingereza: kama shule mpya itakuwa na mpira wa kikapu. Mama yake alimjibu kwa Kiswahili kwamba hajui. Bonheur alisema, bila kumtazama yeyote, kwamba hii itakuwa shule ya tatu tangu watoke Des Moines.

Shekinah alisema alichokuwa amekuja nacho. Walete vitu kwake. Yeye atalala kwa mama yake. Chumba chake kiko orofa ya nne, mlango wa chini una mlinzi. Alisema haraka, na kwa dakika moja aliamini kwamba jambo linaweza kurekebishwa.

"Hapana, binti yangu."

"Hatakujua uko pale. Sitamwambia mtu. Hata mama."

"Najua hutamwambia kwa ubaya. Kwa ubaya hata hii hukusema." Bernardine alifunga mdomo wa mfuko kwa fundo. "Ninapokwenda, mama yako hatapajua. Mchungaji hatapajua. Kikundi hakitapajua, na kwaya nimekwisha kuwaandikia kwamba sirudi. Na wewe zaidi. Si adhabu. Ni hivyo tu, nikilala nataka nijue kwamba hakuna mtu anayenipenda anayejua nilipo."

Shekinah hakuwa amewaza kwaya. Alimwona Tantine katika safu ya nyuma, mkono mmoja ukipiga mapigo polepole kwenye paja, Jumapili zote hizo, na akaelewa kwamba alichokuwa amemnyang'anya si nyumba peke yake. Alimnyang'anya watu. Sebule ile ya makochi yaliyosogezwa ukutani ilikuwa mahali pekee ambapo Bernardine hakuwa akisikiliza magari, na sasa hata hiyo haikuwapo. Machozi yalimjia, na aliyazuia kwa nguvu, kwa sababu hapakuwa na mtu chumbani mwenye nafasi ya kuyatunza.

"Kule kwenye kamati watakaa tena?" Bernardine aliuliza.

"Mwezi ujao."

"Nenda. Maswali yale wayaondoe. Kuna wanawake wengine." Alivaa koti lake, akafunga vifungo mpaka shingoni. "Lakini usinitaje tena. Hata kama mama mmoja. Hata wakilala usingizi wote, waache walale."

"Sitakutaja."

Walitoa mifuko mpaka mlango wa jengo, wote wanne, Jotham akiburuta wake. Hewa ilikata pua. Shekinah aliposhusha wa mwisho alibaki amesimama, akisubiri kuambiwa la kufanya.

"Sasa uende," Bernardine alisema. "Anayekuja kutuchukua asikukute. Sitaki ulione gari."

"Nisingesema ni gari gani."

"Ukiliona, utakuwa unajua. Nataka usijue."

Alimkumbatia, lakini kwa mkono mmoja na kwa muda mfupi, kama watu wanavyokumbatiana mlangoni mwa kanisa wakati ibada imekwisha kuanza. Kisha akamgeuza kwa bega, kuelekea kituo.

Basi halikuwa na haraka. Shekinah alisimama kituoni akijua kwamba ng'ambo ya barabara, mlangoni pa jengo, Bernardine amesimama akimsubiri aondoke, na kwamba kila dakika ya basi kuchelewa ni dakika ya watoto wale kusimama nje kwenye baridi kwa sababu yake. Akafikiria kuondoka kwa miguu. Lakini basi likatokea, akapanda, akachagua kiti cha upande usioelekea kule, na hakugeuka.

Kwenye taa za kwanza likasimama. Magari yakaja yakasimama kando yake, moja baada ya jingine, na sauti za injini zao zikapanda hadi kwenye kioo. Shekinah aliinamisha kichwa, akafumba macho, asije akaona ni nani yumo ndani ya lipi, na akakaa hivyo mpaka taa zikaruhusu.